Ng'ombe wa Abba Wario

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Zamani nilikuwa najisifu kwa hilo. Kibanda changu cha chai kiko Garsen, karibu na mahali mabasi ya Lamu yanaposimama kupumzika, na wateja hawakuwa wakinijia kwa sababu ya chai peke yake. Chai ya maziwa na mahamri ungeyapata kwenye vibanda vinne kabla hujafika kwangu. Walikuja kuangalia televisheni na kunisikiliza Madina nikiwasema walimwengu. Leo nataka kusimulia habari za mzee mmoja, na yale mdomo wangu uliyomfanyia. Nitasema yote, hata yanayonifanya nitamani ardhi inimeze.

Jina lake ni Wario. Si baba yangu, ila alichunga pamoja na baba yangu tangu ujana wao, na kwetu Waorma mtu wa namna hiyo unamwita abba mpaka siku ya kumzika. Ni mrefu, mkavu, shuka begani, miwani yake mkono mmoja umefungwa uzi mweusi. Hasira zake ziko karibu. Ukimpa chai iliyopoa hakwambii imepoa. Anaimwaga nje, anakurudishia kikombe, kisha anaketi kusubiri nyingine kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi mwenyewe sina subira, kwa hiyo tulielewana.

Kila Jumapili saa tisa mchana Abba Wario alikuja kuangalia mchezo wa kuchekesha uitwao "Mlango wa Pili". Unahusu wapangaji wa ploti moja ya mjini: mwenye nyumba anaitwa Bi Tatizo, na mlinzi wa getini ni Bakora, aliyekuwa mchungaji kabla ya kuja kulinda mali za watu. Benchi la mbele, upande wa kushoto, lilikuwa la Abba Wario. Mgeni akilikalia bila kujua, mimi ndiye niliyemwondoa.

Kipindi kikiisha hakuna aliyeinuka. Tulimsubiri mzee atoe hukumu. Kati yetu mimi na yeye tulizungumza Kiorma, lakini mambo ya televisheni aliyasema kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyoyasikia kwayo humo. Na alikuwa na hukumu tatu tu. Kipindi kizuri kilikuwa "maziwa halisi". Cha katikati, "wametia maji". Kibaya kabisa alikiita "maji yaliyoonyeshwa ng'ombe", na hapo Mwaringa wa bodaboda alikuwa akipiga meza kwa kucheka. Tangu ninunue televisheni hiyo, miaka mitatu, nilimsikia akisema "maziwa halisi" mara mbili.

Nakumbuka kile kipindi cha Bi Tatizo kuibiwa friji, kibanda kizima tulikuwa tumekipenda. Abba Wario akatikisa kichwa.

"Huyu mama analia sababu ya friji?" akasema. "Hapana. Mtoto yake alipotea kipindi ile ingine, hakulia. Leo analia friji. Hii wametia maji."

Tukakubali, maana kweli mtoto alikuwa amepotea na mama hakutoa chozi. Mzee hakusahau kitu.

Sasa habari za ng'ombe. Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Garsen, upande wa Minjila. Abba Wario alikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja. Ukame ule mkubwa ukawamaliza wote. Wa mwisho kufa alikuwa jike mzee wa rangi ya kijivu, Dalacha, aliyekuwa akitangulia wenzake kwenda mtoni na kurudi. Mvua ilipokuja ilikuja na mafuriko, na nyasi zikaota zikafika kiunoni, na hakukuwa na wa kuzila.

Lakini Abba Wario hakuacha. Asubuhi alifungua lango la miiba la zizi lake, akasimama pembeni kama mtu anayewapisha, akapiga mluzi, akaelekea mbugani na fimbo yake. Jioni alirudi. Alisimama tena langoni, fimbo ikinyooka na kushuka, ikinyooka na kushuka, kama anahesabu wanaoingia. Kisha alifunga lango kwa miiba, vizuri, asipite fisi. Zizi lilikuwa tupu kabisa. Nyumba yangu inatazamana na zizi hilo, nilimwona siku zote.

Kijijini hakuna aliyesema neno. Kwetu salamu ni ndefu. Unauliza watu salama, watoto salama, ng'ombe salama. La ng'ombe haliachwi. Hata mtu ambaye wake wamekufa wote unamwuliza, naye anajibu "salama", kwa sababu usipomwuliza ni kama umemwambia kwamba yeye si mtu wa kuulizwa tena. Basi tulimwuliza Abba Wario, na miaka yote hiyo alitujibu salama. Hivyo ndivyo tulivyomtunza, nami nilikuwa mmoja wao.

Halafu "Mlango wa Pili" wakatangaza. Mtazamaji mwenye kisa cha kweli cha kuchekesha awatumie kwa sauti ya simu. Kikichaguliwa watakigeuza kipindi cha Bakora, na jina la mletaji litaandikwa mwishoni.

Jina langu kwenye televisheni! Sikulala vizuri siku mbili nikifikiria visa. Nilivyokuwa navyo vilikuwa vya kawaida, vya mbuzi kula shuka la shehe na vya mwanamume kusahauliwa na basi. Siku ya tatu nikamwona Abba Wario akihesabu hewa langoni mwake, nikacheka peke yangu jikoni. Ndiyo, nilicheka. Kisa nikakiona chote, mwanzo hadi mwisho.

Nikaenda kwa Muna, msichana wa duka la simu jirani yangu, anisaidie kurekodi. Nikasimulia yote: lango, mluzi, fimbo, kuhesabu. Nikalitaja na jina la Dalacha, kwa sababu lilisikika vizuri mdomoni. Na kwa kuwa kisa kilihitaji mwisho, nikatunga. Nikasema siku moja jirani alimwuliza mzee, "Ng'ombe wenyewe wako wapi?" naye akamjibu, "Huyu hapa, umemkanyaga mkia." Abba Wario hajawahi kusema hivyo hata siku moja. Ni maneno yangu.

Muna alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Auntie, si huyo ni Mzee Wario?"

"Watabadilisha. Hawa ni watu wa sanaa."

"Lakini akiiona itakuwaje? Hiyo siyo poa, Auntie. Weka ile ya mbuzi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia atume.

Baada ya miezi miwili nikapigiwa simu. Kisa kimechaguliwa, kitaonyeshwa Jumapili ijayo. Nilipiga vigelegele mpaka watu wa basi wakageuka. Nilimtangazia kila mtu kwamba jina langu litatokea. Kisa chenyewe nilikificha, nikasema wasubiri waone. Wiki ile nilipata siku saba za kumzuia Abba Wario asije. Ningeweza kusema televisheni imeharibika. Ningeweza kwenda kwake nikamwambia ukweli. Nilichofanya ni kulipangusa benchi lake. Nilitaka kibanda kijae, na nilitaka hukumu yake. Mungu anisamehe, moyoni nilikuwa nasubiri aseme maziwa halisi.

Jumapili watu walijaa hadi nje. Harrison, Mpokomo wa Ngao anayeniletea ndizi, alikuja na shati la kanisani. Mwaringa aliegesha pikipiki mlangoni. Abba Wario alifika saa tisa kasoro dakika tano, akaketi, akaweka fimbo kati ya magoti.

Bakora akatokea na shuka. Watu wakaanza kucheka kabla hajafanya kitu, na Abba Wario naye akacheka, maana alimpenda Bakora. Bakora akafungua geti la ploti, akasimama pembeni, akapiga mluzi kuelekea barabarani kusikokuwa na mnyama yeyote. Kicheko. Akanyoosha fimbo, akahesabu. Kicheko zaidi. Nilikuwa nimesimama nyuma na birika mkononi, namwona mzee kwa ubavu. Bado alikuwa anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limesimama, halisogei.

Ndipo Bakora akaita: "Dalacha! Rudi, Dalacha!"

Abba Wario akavua miwani. Bi Tatizo akaja na viatu vyake virefu, akauliza ng'ombe wako wapi, akajibiwa kwamba amemkanyaga mkia, akaruka akaangukia beseni la nguo. Kibanda kililipuka. Mwaringa alilala juu ya meza. Na mimi, nisiongope, nilicheka. Ulikuwa mstari wangu, ulikuwa umewachekesha watu wa nchi nzima, na mdomo ulifunguka wenyewe kabla dhamiri haijafika.

Majina yalipoanza kupita, Harrison akasimama na kusoma kwa sauti ya kanisani, "Kisa kimeletwa na Madina Abdinur, Garsen!" Wakapiga makofi. Watu wa kijiji chetu waliokuwemo hawakupiga. Walikuwa wanatazama chini. Abba Wario aligeuka polepole akanitazama. Alinitazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi mtu huyu.

Mwaringa, ambaye anakaa upande wa pili wa mji na hakujua lolote, akauliza kama kawaida, "Enhe, mzee! Leo je? Maziwa halisi?"

Mzee akairudisha miwani. Akaninyooshea kikombe.

"Nimemaliza chai," akasema, akatoka.

Hakutoa hukumu. Ilikuwa Jumapili ya kwanza kwake kuondoka bila kuitoa.

Siku mbili zilizofuata vijana wa bodaboda walikuwa wakipigiana mluzi barabarani na kuitana Dalacha. Mwaringa alipoelezwa kisa ni cha nani, alikuja kwangu uso umemshuka, akasema, "Mama Madina, ungetuambia. Tusingecheka vile." Akawanyamazisha wenzake wote, mmoja mmoja. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Jumatatu asubuhi lango la miiba halikufunguliwa. Jumanne halikufunguliwa.

Jumatano nilikutana naye penye bomba la maji. Nilikuwa nimejipanga niombe msamaha, na msamaha huanza na salamu. "Watu salama, Abba?" Salama. "Watoto salama?" Salama. "Mama salama?" Salama. Nikafika kwenye ng'ombe, nikaogopa. Nilijiambia, ewe mwanamke, baada ya ulichofanya utawezaje kumtajia ng'ombe mzee huyu? Atadhani unamdhihaki tena. Nikalimeza neno.

Alisubiri. Niliona kabisa kwamba anasubiri. Kidole chake kilikuwa kimeanza kusogea juu ya fimbo, kama kila siku anapojibu. Nilipoinama kushika dumu langu, akasema, "Haya," akaondoka bila maji.

Ningetaka kusema ni mimi tu niliyefanya hivyo. Kijiji kizima kilifanya. Kila mtu alimwonea huruma, kila mtu akaogopa kumtonesha kidonda, na kila mtu akaikata salamu palepale nilipoikata mimi. Watu wema, wenye adabu zao. Katika wiki moja Abba Wario akawa mwanamume pekee kijijini asiyeulizwa ng'ombe. Akaacha kutoka nje. Jumapili iliyofuata benchi lake lilikaa tupu na hakuna aliyelikalia, na kipindi kilipoisha tuliangaliana, hakuna aliyejua kama kilikuwa kizuri.

Nilikonda. Usiku nilikuwa nikisikia kile kicheko changu. Unaweza kuiba ukarudisha, unaweza kutukana ukaomba radhi, lakini kuwachekesha watu kwa kumdhihaki mwenzako utakurudishaje? Ulimi hauna mfupa, husema watu, na mimi wangu nilikuwa nimeulisha vizuri miaka yote.

Siku ya tisa tangu kipindi kile nikachukua maziwa ya asubuhi, ya mama mmoja muuza maziwa ambaye Abba Wario mwenyewe alikuwa akimsifu kwamba hatii maji, nikaenda nyumbani kwake. Mkewe, Mama Abdia, alinikuta mlangoni. Hakuyapokea maziwa.

"Umekuja kutafuta kisa kingine?" akaniuliza.

"Nimekuja kuomba radhi, Mama."

"Wewe ulidhani ana wazimu." Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Ulidhani hajui. Madina, nani aliyewaburuta wale ng'ombe kuwatoa zizini? Yeye, kwa kamba na punda, mmoja mmoja, arobaini na mmoja. Anajua walipolala wote. Alikuwa anatoka asubuhi ili mimi nisimwone ameketi. Na mimi nilikuwa namfungia chakula cha mchungaji ili asijue kwamba najua. Basi. Hicho ndicho kilichokuwa kikikuchekesha."

Nikabaki nimeshika maziwa yangu. Mimi, mwenye maneno mengi.

"Sasa ameketi," akasema, akanipisha.

Abba Wario alikuwa ndani, kitako juu ya mkeka, mgongo ukutani, fimbo imesimamishwa pembeni ya mlango mbali na mkono wake. Miwani ameivua. Bila miwani alionekana mtu mwingine, mdogo zaidi. Nikaweka maziwa chini, nikaketi mbele yake. Niliazimia salamu hii nitaifikisha mwisho hata ikiniua.

"Watu salama, Abba?"

"Salama."

"Watoto salama?"

"Salama."

Nikavuta pumzi. "Ng'ombe salama?"

Nje nilisikia Mama Abdia ameacha kufagia. Nilikuwa nasubiri lile neno moja. Nilikuwa nalitaka kuliko kitu chochote, kwa sababu angelisema ningeinuka, ningekwenda kufungua lango lake kwa mikono yangu, na tungeendelea kama zamani.

"Walikufa, Madina," akasema. "Wote. Dalacha alikuwa wa mwisho."

Miaka yote hiyo nilikuwa sijamsikia akisema hivyo. Nikaanza kulia. Nikamwambia nisamehe, Abba, nisamehe, ule mstari wa mkia niliutunga mimi, wewe hukusema, nilitaka jina langu lionekane. Nilisema mengi, hata mengine siyakumbuki. Aliniacha mpaka nikamaliza. Kisha akanyoosha mkono, akachovya kidole kwenye maziwa, akaonja, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ni mazuri.

Alipozungumza tena aliacha Kiorma. Alizungumza Kiswahili, kile cha Jumapili saa tisa, na nikajua kwamba hukumu niliyoitamani imefika.

"Ile kipindi yako," akasema, "hawakutia maji. Ilikuwa maziwa halisi." Akajifuta kidole kwenye shuka. "Wewe ungewaambia watie maji kidogo."